Kishikwambi katika Kikao cha Ana kwa Ana baina ya Mshauri wa Fedha na Mteja: Ufafanuzi kwa Kurejelea Jiji la Arusha na Maeneo ya Mlima Meru

Ikisiri

Makala hii inafafanua nafasi ya kishikwambi katika kikao cha ana kwa ana baina ya mshauri wa fedha na mteja, kwa kurejelea Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru. Hoja yake kuu ni kwamba manufaa ya kifaa hiki kwa mteja hutegemea mambo matatu: nani anaiona takwimu, nani anaisikia ikisomwa, na nani anabaki na nakala yake baada ya kikao kwisha. Makala inaanza kwa kubainisha dhana za msingi, inaeleza namna kikao cha fedha kilivyoendeshwa kwa daftari na kasha, kisha inachambua mabadiliko yanayoletwa na kishikwambi katika mazungumzo, hesabu na ushahidi. Mwisho inapendekeza masharti ambayo yakizingatiwa, kifaa hicho kitamsaidia mteja kuamua badala ya kumharakisha kukubali.

1. Utangulizi

Neno kishikwambi lilizoeleka kwa Watanzania wengi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022. Makarani wa sensa walipita nyumba kwa nyumba wakiwa na kifaa hicho mkononi, na baada ya zoezi hilo vishikwambi vilikabidhiwa kwa walimu. Kwa kaya nyingi za Meru na Arusha, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuketi mbele ya mtu anayeuliza maswali ya nyumbani huku akigusa kioo badala ya kuandika karatasini. Hata hivyo, katika sekta ya fedha vishikwambi vilikuwa vimekwisha kuanza kutumika. Maafisa wa benki na wa taasisi za mikopo wamekuwa wakivitumia kufungulia akaunti, kujazia maombi ya mkopo na kupigia picha dhamana wakiwa nje ya ofisi zao.

Tofauti baina ya karani wa sensa na afisa mikopo ni kubwa. Aliyehesabiwa hakubaki na deni baada ya karani kuondoka. Aliyeweka alama ya dole gumba kwenye kishikwambi cha afisa mikopo amefungwa na mkataba ambao huenda hakuusoma. Kwa sababu hiyo, swali la namna kifaa kinavyotumika ndani ya kikao linahusu haki za mteja moja kwa moja, na halipaswi kuachwa kwa wataalamu wa mifumo peke yao.

2. Dhana za Msingi

Katika makala hii, mshauri wa fedha ni mtu yeyote ambaye kwa nafasi yake ya kazi humweleza mteja njia za kuweka akiba, kukopa, kukata bima au kuwekeza. Kwa maana finyu ya kisheria, ushauri wa uwekezaji ni shughuli inayohitaji leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na wenye leseni hiyo huwafikia watu wachache. Kwa mkazi wa Akheri, Poli au Ngaramtoni, anayetekeleza kazi ya ushauri kwa hali halisi ni afisa mikopo, mtumishi wa SACCOS, wakala wa bima, afisa maendeleo ya jamii wa kata, au mwezeshaji wa kikundi cha kuweka na kukopa.

Maana hii pana ina athari katika uchambuzi. Afisa mikopo anashauri, anauza na baadaye anafuatilia marejesho. Nafasi hizo tatu zimo ndani ya mtu mmoja, na kishikwambi chake kinazitumikia zote. Mteja anayemtazama hawezi kujua kwa urahisi ni wakati gani anashauriwa na ni wakati gani anauziwa.

Kikao cha ana kwa ana kinamaanisha mazungumzo yanayofanyika mahali pamoja na kwa wakati mmoja: mezani benki, barazani kwa mteja, kibandani sokoni, au chini ya mti kikundi kinapokutana. Mikopo inayoombwa kwa simu bila kuonana na mtu haimo katika mjadala huu, ingawa ipo sababu ya kuitaja. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Tangazo hilo lilionyesha kuwa mteja asiye na mtu wa kumuuliza ana kinga ndogo. Hapa ndipo kikao cha ana kwa ana kinapopata thamani yake, mradi kifaa kilichomo ndani yake kisimwondolee mteja nafasi ya kuuliza.

3. Muktadha wa Eneo

Uchumi wa maeneo ya Mlima Meru hauna kipato cha aina moja. Kwenye miteremko kuna mashamba ya migomba na kahawa pamoja na ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini. Tambarare za Tengeru na Usa River zina kilimo cha mboga na mashamba ya maua yanayolipa ujira. Jijini wapo wafanyabiashara wa Kilombero na maeneo mengine ya masoko, madereva wa bodaboda, mafundi, waongoza watalii na wapagazi. Maziwa huleta fedha kila siku na mboga huleta fedha siku za soko, ambazo Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Kahawa huleta fedha kwa msimu, na utalii hupanda na kushuka, kama ilivyodhihirika mwaka 2020 safari za kimataifa ziliposimama kutokana na UVIKO-19.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iligawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni taasisi zinazopokea amana, la pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, la tatu ni SACCOS, na la nne ni vikundi vya kijamii. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2019, na mwaka huohuo zikatolewa kanuni za Benki Kuu za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Msingi wa kanuni hizo za ulinzi ni uwazi: mteja anapaswa kuelezwa gharama na masharti kabla hajajifunga. Pamoja na hayo, lugha ya mtaani imeendelea kuwa na jina la mikopo inayomwangamiza mkopaji, yaani "kausha damu". Jina hilo ni ushahidi kwamba baina ya kanuni iliyoandikwa na kikao kinachofanyika barazani kuna pengo.

4. Kikao kabla ya Kishikwambi

Ili kuelewa kinachobadilika, ni lazima kueleza kilichokuwapo. Utaratibu wa vikundi vya kuweka na kukopa unaojulikana nchini kwa jina la VICOBA una asili katika mradi wa shirika la CARE ulioanza nchini Niger mwaka 1991. Katika vikundi vya awali vya Niger, wanawake wengi hawakujua kusoma, na kumbukumbu ilitunzwa kwa kukariri: kiasi kilichomo kilitamkwa mbele ya wote, na katika kikao kilichofuata wote waliulizwa kukitaja. Baadaye vikaongezwa vitabu vya wanachama, mihuri ya kuonyesha hisa zilizonunuliwa, na kasha la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti.

Mpangilio huu una mantiki moja, nayo ni ushuhuda. Fedha huhesabiwa hadharani, kiasi hutamkwa kwa sauti, katibu huandika, na mwanachama huondoka na kitabu chake. Mtu akidai kuwa amelipa na daftari likasema hajalipa, wapo watu ishirini waliosikia. Asiyejua kusoma analindwa na masikio ya wenzake pamoja na idadi ya mihuri anayoweza kuihesabu kwa kidole.

Kikao cha mtu mmoja na afisa nacho kilikuwa na ushuhuda wake, japo dhaifu zaidi. Fomu ya karatasi ilikuwa mezani. Mteja aliweza kuigeuza, kumwita mwanawe aliye shuleni aisome, au kuomba aondoke nayo arudi kesho. Karatasi ilichelewesha uamuzi, na ucheleweshaji huo ulimpa mteja nafasi ya kushauriana na nyumba yake.

Haifai kuutukuza utaratibu wa zamani kupita kiasi. Daftari huliwa na mchwa, hulowa mvua ya masika, na hesabu za katibu huweza kukosewa au kuchezewa. Fomu zilizopelekwa mjini zilipotea, na mteja wa King'ori au Leguruki alilazimika kupanda gari mara kadhaa kufuatilia ombi moja. Kasoro hizo ndizo zilizofungua mlango wa kishikwambi.

5. Kishikwambi Kinabadili Nini?

5.1 Mpangilio wa mazungumzo

Fomu iliyomo katika kishikwambi ina mfuatano wake, na mara nyingi hairuhusu kusonga mbele kabla sehemu iliyotangulia haijajazwa. Afisa hulazimika kuuliza kwa mpangilio wa mfumo. Mzee anayeeleza kuwa ng'ombe wake amezaa, kwamba ada ya mtoto inadaiwa, na kwamba kahawa ya mwaka huu imechelewa, ametoa taarifa tatu zenye uzito kuhusu uwezo wake wa kulipa. Iwapo swali lililopo kwenye kioo ni "kipato kwa mwezi", taarifa zote hizo zinageuzwa kuwa tarakimu moja. Anayekadiria tarakimu hiyo ni afisa, na mara nyingi mteja hajui kuwa makadirio yamefanyika.

Aidha, mazungumzo ya fedha katika jamii za Wameru na Waarusha hayaanzi na fedha. Kijana anayemwendea mama wa makamo humwamkia "shikamoo", huitikiwa "marahaba", huulizia hali ya nyumbani, watoto na mifugo. Kishikwambi kinachofunguliwa kabla ya maamkizi kukamilika humfanya mgeni aonekane amekuja kuchukua taarifa. Jambo hili linaweza kudhaniwa dogo, lakini mteja aliyehisi hakuheshimiwa hujibu kwa ufupi, na majibu mafupi hutengeneza tathmini mbovu ya mkopo.

5.2 Macho, mikono na mahali pa kuketi

Nchini Uswisi, Gerhard Schwabe na watafiti wenzake wa Chuo Kikuu cha Zurich wamechunguza vikao vya ushauri wa benki vinavyotumia meza za kugusa na vishikwambi. Kazi zao zinaonyesha kuwa kifaa kinaweza kuongeza uwazi wa ushauri na papo hapo kuvuruga mtiririko wa mazungumzo, hasa macho na mikono ya mshauri inapohamia kwenye kioo. Matokeo hayo yanasaidia kuuliza maswali sahihi, lakini hayawezi kuhamishiwa Meru bila marekebisho. Mteja wa benki ya Zurich mara nyingi huja kuuliza awekeze wapi fedha alizonazo. Mteja wa Maji ya Chai huja kuomba fedha asizonazo, na anayemshauri ndiye mwenye uwezo wa kumnyima. Mwenye kuhitaji mkopo huona vigumu kusema, "Geuza kioo nikione."

Mahali pa kuketi nako kuna maana. Kukaa ubavuni mwa mteja ili wote waone kioo kimoja ni ushauri unaofaa katika mazingira fulani, lakini afisa kijana wa kiume kukaa bega kwa bega na mwanamke anayemzidi umri barazani kwake kunaweza kuleta fadhaa. Njia inayokubalika zaidi ni kulaza kishikwambi juu ya meza au kigoda baina yao, kioo kikimwelekea mteja, na afisa akikubali taabu ya kusoma kwa upande. Katika kikundi cha watu ishirini na watano, kioo cha inchi kumi hakiwezi kuonwa na wote. Hapo kusoma kwa sauti kunabaki kuwa sharti, kama ilivyokuwa tangu enzi ya kasha.

5.3 Hesabu

Faida kubwa ya kishikwambi kwa mteja imo katika uwezo wake wa kukokotoa na kulinganisha papo hapo. Tuchukue mfano wa kukokotoa. Mteja anaomba shilingi 1,000,000 kwa miezi 12, na anaambiwa riba ni asilimia 3 kwa mwezi. Kauli hiyo ina maana mbili. Riba ikitozwa juu ya mkopo wote wa awali hadi mwisho, mteja atalipa riba ya shilingi 360,000, na rejesho la kila mwezi litakuwa takribani shilingi 113,333. Riba ikitozwa juu ya salio linalopungua kadiri anavyolipa, rejesho litakuwa takribani shilingi 100,462, na riba yote itakuwa takribani shilingi 205,500. Maneno yaliyotamkwa ni yaleyale, "asilimia tatu kwa mwezi", lakini tofauti inazidi shilingi 154,000.

Kwa karatasi na kalamu, afisa wachache wangeweza kumwonyesha mteja tofauti hiyo ndani ya dakika mbili. Kishikwambi kinaweza kuionyesha kwa kugusa mara moja, pamoja na kuonyesha ratiba ya marejesho inayofuata msimu wa kahawa badala ya mwezi wa kalenda. Iwapo mfumo uliotengenezwa unaonyesha rejesho la mwezi pekee, na jumla ya riba imefichwa katika ukurasa ambao afisa haufungui, uwezo huo haumfikii mteja. Kwa hiyo suala la uwazi huanza kwa mtengenezaji wa mfumo na taasisi iliyomwagiza, kabla afisa hajafika barazani.

5.4 Kasi na ridhaa

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua sahihi za kielektroniki. Utambulisho kwa alama za vidole kupitia Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa umerahisisha kumthibitisha mteja bila picha wala barua za mtendaji. Hatua hizi zimepunguza safari na gharama. Lakini kugusa kioo si tendo lenye uzito sawa machoni pa kila mtu. Mteja huyohuyo huweka kidole kuthibitisha jina lake, kisha huweka kidole kuruhusu taarifa zake zichunguzwe, kisha huweka kidole kukubali mkopo. Matendo matatu yenye athari tofauti yanafanana kabisa. Ni rahisi kwa mtu kudhani kuwa bado anajitambulisha, kumbe amekwisha kukopa.

6. Nakala na Ulinzi wa Taarifa

Kikao cha karatasi kikiisha, jambo lililobaki mkononi mwa mteja lilikuwa dhahiri: nakala, risiti au kitabu. Kikao cha kishikwambi kikiisha, afisa huondoka na kila kitu. Mara nyingi taasisi hutuma ujumbe mfupi wa simu kuthibitisha, lakini ujumbe huo hautoshi kubeba masharti ya mkataba, na simu huenda ni ya mtoto wa mteja au mume wake. Tatizo huongezeka pale ambapo mtandao haupo. Katika mabonde ya miteremko ya Meru, kifaa huhifadhi taarifa kwanza na kuzituma kikifika penye mawimbi. Muda huo wote mteja hana uthibitisho wowote isipokuwa neno la afisa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusika hapa moja kwa moja. Picha ya nyumba, ya mifugo na ya mdhamini ni taarifa za watu. Mteja anapaswa kujua zinakusanywa kwa sababu gani na zitatumikaje. Ndani ya kikao, sharti hilo lina maana ya vitendo: afisa anapoinua kifaa kupiga picha, aseme kwanza picha ni ya nini, na asiyetaka sura yake ichukuliwe apewe nafasi ya kukataa. Vilevile, kifaa kinachobebwa kwenye pikipiki kutoka Sakina hadi Songoro kinaweza kuibiwa au kupotea, hivyo taarifa zilizomo zinapaswa kufungwa kwa namna ambayo aliyekiokota hawezi kuzisoma.

7. Masharti ya Matumizi Yanayofaa

Kutokana na uchambuzi uliotangulia, makala inapendekeza masharti matano kwa taasisi zinazotumia vishikwambi katika vikao vya ana kwa ana.

Kwanza, mazungumzo yatangulie kifaa. Afisa asikilize shida na mipango ya mteja kabla ya kufungua fomu, kisha ajaze alichokisikia na kumsomea mteja alichokijaza.

Pili, jumla ya deni, jumla ya riba na rejesho moja vionekane katika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa. Mteja anayezungumza Kimeru au Kimaasai zaidi ya Kiswahili aruhusiwe kuwa na mtu wake wa kumtafsiria, atakayemchagua mwenyewe.

Tatu, hatua ya kukubali mkopo itenganishwe wazi na hatua ya kujitambulisha. Inafaa mteja arudie kwa maneno yake atalipa kiasi gani, lini na kwa muda gani, kabla ya kuweka kidole. Asiyeweza kurudia hajaelewa, na ambaye hajaelewa hajaridhia.

Nne, nakala ya karatasi ibaki. Printa ndogo za risiti ambazo wakala hutembea nazo zinatosha kuchapa muhtasari wa mkataba. Katika kikundi, daftari la katibu liendelee kuandikwa sambamba na kishikwambi, ili pakitokea mgongano pawepo kumbukumbu mbili zilizotunzwa na watu wawili.

Tano, uwepo muda wa kulala na uamuzi. Uwezo wa mfumo kuidhinisha mkopo kwa dakika chache haumlazimu mteja kuamua kwa dakika hizohizo.

Masharti haya yana gharama. Kikao kitarefuka, na afisa aliyepangiwa idadi ya wateja kwa siku ataona anacheleweshwa. Ndiyo maana taasisi inayopima utendaji wa afisa kwa idadi ya fomu zilizotumwa haiwezi kutarajia ushauri kutoka kwake. Vyuo vilivyomo katika eneo hili, kama vile Chuo cha Uhasibu Arusha na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, viko katika nafasi nzuri ya kuingiza stadi za kikao cha kishikwambi katika mafunzo ya maafisa, kwa kuwa wahitimu wake ndio wanaokwenda kuketi na wateja hao.

8. Hitimisho

Makala imefafanua kuwa kishikwambi kinaingia katika kikao ambacho tayari kina desturi zake za ushuhuda: kutamka kiasi hadharani, kuandika mbele ya wote, na kumwachia mteja nakala. Kifaa kina uwezo wa kuziimarisha desturi hizo kwa kukokotoa haraka, kulinganisha masharti na kuhifadhi kumbukumbu zisizoliwa na mchwa. Kina uwezo pia wa kuziondoa, takwimu zikibaki upande wa afisa na mkataba ukikamilishwa kwa mguso usio na sauti. Utafiti zaidi wa uwandani unahitajika, hasa wa kurekodi na kuchambua vikao halisi kwa ridhaa ya washiriki, ili kubaini ni maneno gani na mpangilio gani wa kuketi unaomwezesha mteja kuuliza swali kabla ya kukubali. Wakati utafiti huo ukisubiriwa, taasisi inaweza kuanza na kipimo rahisi: siku ya pili baada ya kikao, mteja aulizwe anadaiwa kiasi gani kwa jumla. Jibu lake litaonyesha kama alishauriwa au alisajiliwa tu.